Jipu Nililomficha Mkwe Wangu

Sikuanguka na baiskeli.

Kwa miezi kadhaa nimewaambia watu wa Musoma, wakubwa kwa wadogo, kwamba nilianguka. Nilimwambia hivyo mama anayeniuzia samaki, nikawaambia wanafunzi wangu chuoni, nikamwambia hata Padri. Kila nilipoeleza, ajali yangu ilizidi kunoga. Mara kulikuwa na lori, mara ng'ombe aliyekatiza barabara, na kwa wale wa chuoni nilitia fisi. Hapakuwa na lori, wala ng'ombe, wala fisi. Kulikuwa na jipu kwenye kalio langu la kushoto, na nusura liniue kwa sababu niliona haya kumwambia mtu mmoja.

Kina mama wa jumuiya yetu waliniomba nisimame kanisani nitoe ushuhuda. Nimeomba niuandike, ausome yeyote mwenye sauti. Mimi nikifika kwenye neno "kalio" mbele ya altare nitacheka, na shukrani yangu kwa Mungu si ya mchezo.

Nina miaka hamsini na mbili. Nafundisha chuo, na huandika makala magazetini za kuwaelekeza wengine namna ya kuishi. Baiskeli niliianza nikikaribia hamsini, siku nesi mmoja aliponipima presha, akakitazama kipimo, akanitazama mimi, kisha akaenda kuleta kipimo kingine. Nikanunua baiskeli ya mtumba yenye gia, nikajiunga na klabu yetu ndogo ya walimu na manesi. Safari yangu ya kwanza niliishia njiani, nikarudishwa mjini juu ya lori la vitunguu. Mwaka uliofuata nilifika Butiama kwa pumzi zangu mwenyewe. Presha ikashuka, sketi zikalegea, nikawa mtu wa kuudhi: ukiniuliza habari za nyumbani, nakujibu habari za gia.

Klabu yetu ina daftari la rekodi. Rekodi kubwa kuliko zote ni ya Mwalimu Magesa, mstaafu aliyefundisha jiografia. Aliendesha siku tano mfululizo kati ya Musoma na Kibara, akipitia Butiama na Bunda, leo kwenda, kesho kurudi. Kila alipopita aligongewa mhuri kwenye ofisi ya kijiji. Mimi nilitaka siku sita. Sikuwa na sababu ya maana. Nilitaka tu kumwona Mwalimu Magesa akiisoma.

Kanuni za klabu zinasema anayejaribu rekodi lazima afuatwe na gari, na ndani ya gari awemo mtu wa afya. Gari tuliazima, pikapu. Wa kupika, kujaza chupa za maji na kunitukana nikichoka alikuwa wifi yangu Rhobi, dada wa mume wangu. Mume wangu mwenyewe alikuwa kazini Dodoma, akaniombea kwa simu. Mtu wa afya, aliyekuwa pia dereva, ni tabibu mwenye akili na upole, aliyechukua likizo kwa ajili yangu. Jina lake Bwire. Mimi humwita Baba Tumaini, kwa sababu amemwoa binti yangu Agnesi na mtoto wao ni Tumaini.

Sasa mmeanza kuliona tatizo.

Kwetu, mama mkwe na mkwe wake huheshimiana kwa umbali. Haingii chumbani kwangu, hatuli sahani moja, na tukisalimiana anasimama hatua tatu nyuma na kuangalia chini kama aliyeangusha shilingi. Mimi ni msomi, nimewahi kuandika makala ndefu kwamba haya inawaua wanawake wetu, kwamba mgonjwa hana mkwe wala shemeji, ana daktari. Baba Tumaini aliikata makala ile gazetini akaibandika ukutani pale zahanati anapofanyia kazi. Imebandikwa mpaka leo.

Siku ya kwanza ilikuwa raha tupu. Tuliondoka asubuhi na upepo wa ziwani ukiwa mgongoni. Butiama mtendaji aligonga mhuri akauliza kama nimefiwa, maana hakuona sababu nyingine ya mama mtu mzima kukimbia hivyo. Jioni Kibara nilipita katikati ya dagaa walioanikwa, wanawake wakanipigia vigelegele, nikapunga mkono kama mgombea ubunge. Wakati wa kuoga niligusa kipele nyuma. Kidogo, kama punje ya mtama.

Siku ya pili, tukirudi Musoma, kilikuwa harage. Nikawa naendesha nimeegemea upande wa kulia. Rhobi akapiga kelele dirishani:

"Wifi, mbona unaendesha kama mtu anayechungulia kwa jirani?"

Jioni nikamwonyesha. Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akafanya mambo mawili kwa upendo, na yote mawili yalikuwa makosa. Alikata kipande cha godoro chakavu, akakifunga kwa nailoni kisilowe jasho, akakiweka juu ya kiti cha baiskeli. Halafu akatoa kwenye pochi vidonge vya rangi mbili vilivyobaki alipong'olewa jino, vinne kwa hesabu. Nikameza. Nina shahada mbili.

"Tumwambie Baba Tumaini," alisema.

"Nitamwambiaje? 'Baba, njoo uone'?"

"Ungekuwa umevunjika mkono ungemwambia."

"Mkono ni mkono."

Godoro lile lilihifadhi joto kama chungu cha makande. Siku ya tatu, tulipopumzika Bunda, sehemu yote ilikuwa ngumu na ya moto, na kila tundu la barabara lilikuwa kama kuchomwa msumari. Nilihitaji ushauri. Nikaupata kwa njia ya kisomi.

"Baba Tumaini," nilisema nikitazama tairi, "wifi yangu ana jipu. Begani."

Rhobi alikuwa anamenya ndizi. Akasimamisha kisu.

"Pole sana, Shangazi," Baba Tumaini alisema. "Limeanza lini?"

"Juzi," alisema Rhobi polepole.

"Linauma ukifanya nini?"

"Nikikaa."

Baba Tumaini alifikiri. "Bega linauma ukikaa?"

"Nikikaa vibaya."

"Naomba nilione."

"Utaona nini? Bega langu lina mwenyewe, yuko Tarime anachunga ng'ombe."

Kijana wa watu hakubisha. Akasema likandwe kwa maji ya moto na bega lipumzishwe kabisa. Likizidi, au homa ikianza, asisubiri hata saa moja, kwa sababu jipu likiingia ndani sumu yake hufika kwenye damu.

"Umesikia, wewe bega?" Rhobi aliliuliza bega lake, macho yake yakiwa kwangu.

Nilisikia. Siku ya nne niliendesha hadi Musoma, nikalala nyumbani kwangu, mwendo wa dakika kumi tu kutoka hospitali. Nilikuwa na baridi chini ya mablanketi mawili. Nikajiambia ni upepo wa ziwa. Zimebaki siku mbili tu, nikajiambia, na Mwalimu Magesa atakuwa pale mwisho na kofia yake.

Siku ya tano nilitoka nikiendesha nimesimama, maana kukaa sikuweza tena. Butiama niligongewa mhuri nikiwa nimeegemea mlango wa ofisi. Tulipoelekea Bunda jua lilikuwa kali, la saa sita, na meno yangu yalikuwa yanagongana. Nikaona barabara imegawanyika mbili. Nikachagua moja, nayo ikawa ile isiyokuwepo. Sikuanguka, nasisitiza. Nilishuka, nikailaza baiskeli kwenye nyasi kwa heshima zote, kisha nikashindwa kunyanyua mguu.

Baba Tumaini akaja mbio, akasimama hatua tatu.

"Mama, unatetemeka."

"Ni uchovu, baba."

Alitazama kiti cha baiskeli na lile godoro. Akatazama sketi yangu ya kuendeshea, ambayo upande mmoja ilikuwa imelowa kitu kisicho jasho. Halafu akamgeukia Rhobi.

"Shangazi, lile bega ni la nani?"

Rhobi alikuwa analia tayari. "Ni la mama mkwe wako. Na wala sio bega."

Akavua kofia. Nilidhani atakasirika, na ningefurahi akikasirika. Badala yake alitugeuzia mgongo, akawa anatazama ng'ombe waliokuwa wanakula nyasi upande wa pili wa barabara, na akiwa vilevile akanipima. Naam, kwa mgongo. Rhobi alitandika kanga kando ya pikapu, nikalala kifudifudi, yeye akawa macho na mikono.

"Ni kubwa kama nini, Shangazi?"

"Kama yai."

"La kuku?"

"La bata. Hapana. Ngoja. Kama ngumi."

"Limetoboka?"

"Limetoa kitundu. Linatoa maji machafu, yananuka."

"Wekundu umefika wapi?"

"Umepanda mpaka kiunoni. Umeshuka mpaka pajani, una mistari."

"Weka kidole, bonyeza taratibu, niambie—"

Hakuambiwa. Nilipiga kelele hadi ng'ombe wakainua vichwa. Alirusha kipimajoto nyuma bila kugeuka, Rhobi akakidaka. Aliposomewa namba alisema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Mpakie."

"Baba," nikasema uso ukiwa kwenye kanga, "ni Bunda tu hapo, halafu Kibara. Nikifika leo nimemfikia Mwalimu Magesa."

"Mama, panda gari."

Hajawahi kuniamuru kabla. Nilipanda. Nililazwa kifudifudi nyuma ya pikapu, baiskeli ubavuni, Rhobi akinishikilia mkanda kama mtu anayepeleka mbuzi mnadani.

Hospitalini alinipokea daktari binti, mwembamba, mwenye viatu vya raba.

"Umekalia hiki siku ngapi?"

"Nne. Ya tano nilisimama."

"Dawa gani umetumia?"

"Rangi mbili."

Alifumba macho kidogo. "Dozi nzima?"

"Vinne."

"Mama, hivyo vinne vilimtekenya mdudu tu."

Alieleza kwa maneno mafupi. Maambukizi yameingia kwenye damu. Presha, ile niliyohangaika kuishusha, sasa ilikuwa imeshuka mno. Watanipasua sasa hivi. Baba Tumaini aliweka sahihi yake na namba yake ya simu kwa niaba ya familia, akaenda kukaa nje.

Nilipewa nusukaputi. Rhobi aliniambia baadaye kwamba usaha uliotoka ulijaza bakuli na likaletwa jingine, na kwamba nesi mwanafunzi aliomba kutoka nje. Nilizinduka nikiwa na tundu ambalo ngumi ya mtoto ingeingia, limeshindiliwa shashi. Kila asubuhi ile shashi ilitolewa na kuwekwa mpya. Sijui maumivu ya kuyafananisha na yale, na nimezaa mara tatu. Siku tatu sikujua mchana wala usiku. Nilikuwa naendesha baiskeli kwenye dari ya wodi. Siku ya nne niliomba uji wa ulezi, na Rhobi akasema, "Haya, amerudi," akaenda dirishani, akageuza uso kwa muda mrefu.

Hapo nilidhani nimepona. Daktari akaja na picha ya eksirei, akaiinua kwenye mwanga. Kwenye mfupa ule tunaokalia kulikuwa na kivuli.

"Inaweza kuwa uvimbe wa nyama tu," alisema. "Inaweza kuwa usaha umeingia kwenye mfupa. Nilipokusafisha nilichukua kipande, tumekituma hospitali kubwa. Majibu yanachelewa."

"Na kama umeingia?"

"Tutapasua tena, tukwangue mfupa. Dripu wiki nyingi. Kukaa kutakusumbua maisha yako yote."

"Baiskeli?"

"Mama, nimesema kukaa."

Mpaka majibu yatoke, marufuku kukalia chochote.

Basi nikaanza maisha ya wima. Nilikula nimesimama, nikasahihisha mitihani kwa kuegemea kabati la vyombo, nikaenda misa na kusimama mwanzo hadi mwisho, watu wakidhani nimeokoka upya. Mwalimu Magesa alikuja kunitazama. Aliniletea mpira wa ndani wa tairi la gari, ameujaza upepo vizuri, kwamba siku nikiruhusiwa kukaa nianze na huo. Akafungua daftari la klabu akanionyesha: ameniandikia siku nne na nusu. Nusu hiyo haipo kwenye kanuni. Nikalia, naye akajifanya anatafuta miwani.

Kidonda kilitakiwa kusafishwa kila siku. Mwanzoni alikisafisha Agnesi, mume wake akimwelekeza kutoka nyuma ya mlango. "Maji ya chumvi. Sasa shashi. Ishindilie mpaka ndani, usimwonee huruma." Lakini Agnesi anafundisha sekondari Butiama na hurudi Musoma wikiendi tu, na shule zikafunguliwa. Rhobi, tangu lile bakuli la usaha, hakutaka kukigusa. Ikawa naenda hospitali kwa bajaji, nimepiga magoti juu ya kiti, nimeangalia nyuma, uso kwa uso na madereva wote wa bodaboda wanaonifuata. Wengine walisalimia. Kwa mitikisiko ile kidonda kikaanza kutoa damu.

Rhobi akaitisha kikao sebuleni kwangu: yeye, mimi, na Baba Tumaini aliyekaa karibu na mlango.

"Zamani ilikuwaga hivi," alitangaza. "Mkwe akitaka kumhudumia mama mkwe mgonjwa, analeta kuku na kanga. Mama mkwe anapokea mkononi kwake. Hapo aibu inaondolewa, mpaka apone. Akipona, inarudi."

"Sijawahi kusikia," nilisema.

"Wewe ulikuwaga unasoma."

Baba Tumaini aliangalia sakafu. "Kuku wa aina gani, Shangazi?"

"Jogoo. Mnono."

Nashuku hadi leo kwamba aliitunga desturi ile palepale, na kwamba sehemu ya jogoo ilitokana na njaa. Lakini kesho yake alikuja na jogoo na kanga mpya, nikavipokea kwa mikono miwili, na nilihisi kitu kikitoka kifuani. Rhobi akamchinja jogoo, akala mapaja yote mawili. Nami nililala kifudifudi kwenye kochi, nikajifunika ile kanga, nikaacha wazi panapohusika. Baba Tumaini alinawa mikono, akavaa glavu, akapiga magoti.

"Pole, Mama, itauma."

"Fanya, baba."

Mikono yake ilikuwa myepesi kuliko ya nesi yeyote aliyenigusa. Alipomaliza tulikuwa tumezungumzia mvua, mtaala mpya na meno ya Tumaini. Wiki sita alikuja kila siku kabla ya kwenda kazini. Nyama ikajaa kutoka chini, nyekundu na safi, tundu likawa kama kifuniko cha soda, kisha kama kifungo. Nimeishi na mkwe huyu miaka saba, na sikujua kama ni mchekeshaji. Siku moja aliniambia ile makala yangu pale zahanati wagonjwa wanaisifu sana, ila wanauliza mwandishi yuko wapi siku hizi. Nilimrushia mto.

Namshukuru Mungu kwa uhai. Namshukuru daktari wa viatu vya raba, na manesi walionigeuza kama chapati bila kulalamika. Namshukuru Rhobi kwa kila kitu isipokuwa godoro. Na kwako unayesoma, hasa kama una digrii, nina machache. Kipele kisichopona siku ya pili kionyeshe. Usimeze dawa iliyobaki kwa mwenzako. Kama unaona haya, ona haya, hakuna aliyekukataza, lakini ona haya ukiwa hospitali. Na kama unayemwonea haya ni mkwe wako, tafuta jogoo.

Majibu yalikuja wiki ya tisa tangu nipasuliwe, Alhamisi, saa nne asubuhi. Nilikuwa jikoni, nimesimama, nachambua dagaa kwenye ungo. Simu ikaita, nikaona jina la Baba Tumaini, ambaye namba yake ndiyo waliyonayo hospitali. Asubuhi ile alikuwa ameshakuja na kuondoka. Hakuwa na sababu nyingine ya kupiga. Nikafuta mikono kwenye kanga mara mbili, na ilikuwa bado haijakauka nilipopokea.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba."

"Daktari amenipigia sasa hivi. Uko wapi?"

"Jikoni. Sema."

"Kuna kiti hapo?"

"Kipo. Baba Tumaini, usinizungushe. Mfupa vipi?"

Nilimsikia akivuta pumzi, na nyuma yake watoto wa kliniki wakilia.

"Kivute karibu, Mama," alisema. "Mfupa ni mzima. Kaa."